Askari Akiondoka, Sheria Yabaki na Nani?

Ndugu msomaji, ukisimama Kilimatinde kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ukatazama mashariki, utaiona nchi imeshuka mbali chini yako. Mibuyu yaonekana midogo kama miche ya bustanini, na tambarare ya Bahi yapotelea katika vumbi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma hutoka huko chini, hupanda ukingo huu jirani yetu, kisha huendelea Manyoni, Singida, Tabora, Mwanza, hata nchi za Rwanda na Burundi. Usiku na mchana magari hayakatiki.

Kazi yangu ni ya kalamu. Mimi ni karani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko. Katika kitabu cha maziko kuna mahali pa kuandika sababu ya kifo. Ukifunua kurasa za zamani utakuta homa, kuhara, uzazi, uzee. Katika kurasa za siku hizi neno moja larudi tena na tena, nalo mara nyingi limeandikwa mbele ya umri wa kijana: ajali. Na kila mara matangani husikika mtu akisema, "Ajali haina kinga." Wote huitikia, chai humiminwa, na mazungumzo huishia hapo.

Leo nataka kuuliza kama methali hiyo twaitumia mahali pake.

MSHALE WA WAPAGAZI

Njia hii yetu si ya jana. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya motokaa, misafara ya biashara ilikata Ugogo kwa miguu kutoka pwani kwenda Tabora, watu mamia wakiwa na mizigo mabegani. Msafiri mmoja Mwingereza, Richard Burton, alipita na msafara wa namna hiyo mwaka 1857, akaandika aliyoyaona. Asema kila msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele na bendera, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale katika podo lake. Walipofika kambini mshale ule ulimshitaki mwenyewe, naye hakurudishiwa mpaka alipe faini.

Ajabu, sivyo? Hapakuwa na askari wa barabarani kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, lakini sheria ya kutopita mbele ya mwenzio ilikuwapo, nayo ilishikwa. Aliyeilinda ni nani? Ni wale wale waliokuwa safarini. Walijua kwamba mmoja akikimbia mbele peke yake huwaharibia njia wote. Adhabu yenyewe ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya hakika: mpagazi alijua kwamba hatafika kambini na mishale yake yote.

Tuweke moyoni mambo hayo mawili, yaani wenzi wa safari na uhakika wa adhabu, kwa maana tutayarudia.

SIKU YA MAWENI

Tarehe 4 Julai 2016, mchana kweupe, mabasi mawili ya kampuni ya City Boy yalikutana Maweni, upande wa Kintinku, katika wilaya yetu hii ya Manyoni. Moja lilikuwa likitoka Dar es Salaam kwenda Kahama, na la pili likitoka Kahama kwenda Dar es Salaam. Yaligongana uso kwa uso. Watu wasiopungua 29 walikufa, na makumi wengine walijeruhiwa.

Hapakuwa na ukungu wala giza, na halikuwa gari la mgeni asiyeijua njia. Yalikuwa mabasi ya tajiri mmoja, na madereva wake walipishana katika njia ile ile safari kwa safari. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kwamba madereva walikuwa wakisalimiana kwa mchezo, kila mmoja akimwelekezea mwenziwe gari. Mamlaka ya usafiri ya wakati ule, iliyoitwa SUMATRA, iliyasimamisha mabasi ya kampuni ile. Lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa.

Msomaji, mbele ya habari ya namna hii, waweza kusema kwamba ajali haina kinga? Kinga ilikuwapo, tena nyepesi sana: ilitosha kila mmoja abaki upande wake wa kushoto.

Wala tusimsingizie Mungu. Twapenda kusema, "Ni kazi ya Mungu," tukidhani tunamheshimu. Mti ukikuangukia kwa upepo usiku, sema hivyo, nawe hutakosea sana. Lakini mtu akichezea usukani wenye roho 50 nyuma yake, hiyo ni kazi ya mtu, na mtu ndiye wa kuulizwa.

HESABU YA MWENDO

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto asiyeelewa jambo kwa maneno huenda akalielewa kwa hesabu. Basi tuhesabu kidogo.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde moja. Dereva akiona ng'ombe barabarani, humchukua kiasi cha sekunde nzima kabla mguu wake haujagusa breki. Kwa hiyo gari limekwisha kwenda mita 22 kabla halijaanza hata kupungua mwendo. Mabasi mawili yakielekeana, kila moja kwa kilomita 80, pengo kati yao hupungua mita 44 kila sekunde. Yakiwa mbali mita 200, umbali ambao dereva huuona kuwa nafasi ya kutosha kulipita lori, hukutana kabla ya sekunde tano kwisha. Huo ni muda wa kusema "Bwana Yesu asifiwe" na kuitikiwa.

Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 10. Kwa kilomita 100 ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 40, nasi mbuyu wa mita 40 hatuna hapa Ugogo. Mtu akikuambia upande juu hivyo uruke, utamwona mwendawazimu. Lakini tukikaa kitini, kioo kimefungwa na muziki unapigwa, twaruka kila siku bila kujua.

Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake zimeweka kilomita 50 penye makazi ya watu, na kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa. Si kwamba serikali yaona kijicho mtu akifika mapema.

NAMI NILICHEKA

Sasa niseme lililonipata mwenyewe. Siku moja nilikuwa narudi kutoka Dodoma kwa basi. Jina lake silitaji, maana ningeweza kutaja mengi. Dereva alikuwa kijana hodari, na gari lilikwenda mbio. Tulipokaribia kijiji kimoja, lori lililotokea mbele likatuwashia taa mara mbili. Ninyi nyote mwajua maana yake: mbele kuna askari mwenye tochi, ile mashine ya kupimia mwendo. Mara dereva wetu akapunguza. Tulipita mbele ya askari taratibu kama maharusi. Kondakta akampungia mkono, askari naye akapunga. Tulipopinda kona, dereva akakanyaga tena mafuta na kusema, "Leo amekosa." Basi zima likacheka. Nami nilicheka.

Kiti cha mbele yangu alikaa bibi mmoja aliyekuwa na kuku kikapuni. Yeye hakucheka. Akamwita dereva kwa sauti, "Mjukuu wangu, yule askari umemdanganya. Je, na mimi?" Kicheko kikakatika. Kondakta akamwambia, "Bibi, tulia, utafika." Wala hapana mmoja wetu aliyemsaidia bibi neno hata moja. Muda si mrefu tukapita Maweni. Watu wengine mle ndani walipajua mahali pale, nikaona mwanamke mmoja akitazama chini. Dereva hakupunguza.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya kicheko kile. Tulikuwa tukimcheka nani? Askari hakupungukiwa na kitu. Yeye alibaki salama kivulini mwa mwembe. Waliodanganywa tulikuwa sisi, nasi tulimshangilia mdanganyifu wetu.

ASKARI MMOJA, BARABARA NDEFU

Watu wengi husema dawa ni kuongeza askari na kuongeza faini. Mimi sisemi hapana. Lakini tazama: kutoka Dodoma mpaka Manyoni ni kilomita 127 hivi. Hata wakiwekwa askari mahali kumi, kila mmoja aone nusu kilomita, bado kilomita zaidi ya 120 hazina jicho. Katika hizo dereva yu peke yake na dhamiri yake, nasi nyuma yake.

Faini ya kawaida ya kosa la barabarani imekuwa shilingi 30,000. Kwa waendesha bodaboda na bajaji serikali ilipendekeza katika bajeti iliyosomwa mwaka 2021 ishushwe iwe 10,000, kwa kuwa wengi walishindwa kulipa na vyombo vyao vikakaa vituoni. Wengine walilalamika kwamba kupunguza adhabu ni kuongeza makosa. Huenda. Lakini kumbuka ule mshale. Thamani yake haikuwa kubwa. Kilichomzuia mpagazi ni kujua kwamba hakika ataulipia. Faini kubwa ambayo dereva hukutana nayo mara moja katika safari mia haimtishi. Huihesabu pamoja na mafuta na pancha.

Na lipo donda jingine ambalo yatupasa kulitaja bila kuuma maneno. Ni noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Kila mara noti ile ipokelewapo, sheria imeuzwa, na walioiuza ni wawili: aliyetoa na aliyepokea. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 huwashika wote wawili. Lakini sisi abiria husema, "Mpe tu twende, tunachelewa." Je, hatumo katika biashara ile?

Tuwe wa haki kwa madereva pia. Dereva wa basi si shetani. Wengi wao huamka alfajiri na kulala usiku, na tajiri huuliza hesabu yake kabla hajauliza kama tairi zimechakaa. Mwezi wa Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, na moja ya madai yao ilikuwa kupewa mikataba ya kazi. Mtu asiye na mkataba huogopa kumwambia tajiri kwamba breki hazishiki, maana kesho gari litapewa mwingine. Tena kwa muda mrefu, tangu miaka ya 1990, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku wa manane ili kupunguza ajali. Nia ilikuwa njema, lakini dereva wa safari ndefu alishindana na jua ili afike kabla ya saa kumpita. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Basi udhuru ule wa kukimbizana na saa umeondoka, ingawa hatari ya usingizi imekuja mahali pake, na tajiri mwema ataweka madereva wawili wa kupokezana.

Mamlaka mpya iitwayo LATRA, iliyochukua mahali pa SUMATRA mwaka 2019, husimamia kifaa kinachowekwa ndani ya basi kupeleka habari za mwendo wake. Ni kazi nzuri. Lakini madereva wameonywa mara nyingi kwa kukichezea. Kumbe hata mashine yahitaji mtu wa kuilinda!

JAMBO LILILOONEKANA KENYA

Tutazame kwa jirani. Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alianza kutekeleza amri kali juu ya matatu: kifaa cha kuzuia mwendo kisizidi kilomita 80, mikanda katika viti vyote, mstari wa njano ubavuni, na abiria wasijazwe kupita kiasi. Wenye magari waligoma, lakini waziri hakurudi nyuma, na kwa muda barabara zilitulia kweli. Hata leo Wakenya huziita Sheria za Michuki. Lakini kadiri macho ya wakubwa yalivyogeukia mambo mengine, tabia za zamani zilirudi kidogo kidogo. Askari aliondoka, sheria ikabaki yatima.

Miaka michache baadaye wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu njia nyingine. Hawakuomba askari hata mmoja. Walichukua matatu za safari ndefu zaidi ya 1,000, wakabandika ndani yake karatasi zenye maneno ya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Ili karatasi zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa katika bahati nasibu. Kisha wakangoja na kulinganisha na matatu zisizobandikwa kitu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Madai ya bima kwa ajili ya ajali yalipungua kwa nusu na hata zaidi. Hata yale ya ajali zilizojeruhi au kuua yalipungua nusu. Na yote hayo yaliletwa na karatasi iliyomwambia abiria: sema, una haki.

Kwa nini ilifaa? Naona ni kwa sababu kila abiria mle garini huogopa, lakini kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aogopaye. Mmoja akisema, wa pili hupata nguvu, na wa tatu. Laiti siku ile mimi ningesema tu, "Bibi asema kweli, Bwana Dereva," labda watu kumi wangeniunga mkono. Sikusema. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aanze, na mtu mwingine alikuwa akinisubiri mimi.

VIJANA WETU WA BODABODA

Tusidhani kwamba mabasi tu ndiyo yenye makosa. Ukitaka kwenda barabarani kutoka huku kijijini, pikipiki ndiyo farasi wetu. Imeokoa wajawazito wengi kwa kuwafikisha hospitali, nami sitaitukana. Lakini mama akipakiwa na watoto wawili na mfuko wa unga, ile tunayoiita mishikaki, nani wa kulaumiwa? Kijana atasema abiria ndiye aliyetaka. Abiria atasema nauli ni nafuu. Wote wawili wasema kweli, na wote wawili wana kosa. Na kofia ngumu iliyotundikwa kwenye usukani haijapata kuokoa kichwa cha mtu yeyote. Tena kofia huvaliwa na wawili, si mwendeshaji peke yake.

Taarifa ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya mwaka 2023 yasema kwamba barabara za dunia huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba hapana kitu kiuacho watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizo. Miaka hiyo ndiyo ya shule, ya kuoa na kuolewa, ya kujenga nyumba ya kwanza. Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likaua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao. Nchi nzima ililia. Wazazi wale walikuwa wamewaaga watoto asubuhi ile wakienda kufanya mtihani wa kujipima.

TUFANYE NINI?

Sitamaliza kwa kulia tu, maana machozi hayashiki breki. Haya machache kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, dereva akikimbia kupita kiasi au akipita gari jingine mlimani na kwenye kona, mwambie. Mwambie kwa adabu, tena mapema, kabla hofu haijageuka kuwa matusi. Na mwenzio akitangulia kusema, usimwache peke yake. Sema, "Nami naomba hivyo hivyo."

Pili, dereva akikataa kusikia, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha uipeleke kwa askari wa mbele au upige simu polisi, namba 112. Hiyo si fitina. Kuona mwizi akivunja nyumba ukanyamaza, hayo ndiyo makosa.

Tatu, ninyi wenye magari yenu wenyewe, acheni kuwawashia wenzenu taa ili kuwaficha na askari. Hujui uliyemficha amebeba nani, wala kwamba baada ya kukupita wewe atakutana na mtoto wako akitoka shule.

Nne, funga mkanda kama upo. Kama umekatika, muulize kondakta kwa nini. Akiulizwa na watu ishirini kwa siku, tajiri atasikia.

Tano, tufundishe watoto. Baba anayetoa noti ndani ya leseni huku mwanawe amekaa kando amemfundisha somo ambalo mwalimu hataweza kulifuta kwa miaka saba ya shule.

Askari wetu na waifanye kazi yao bila upendeleo, mahakama nazo zisicheleweshe kesi. Lakini kazi ya askari huishia pale macho yake yanapoishia. Baada ya pale, sheria haina mlinzi mwingine ila mimi na wewe tuliokaa kitini.

Wapagazi wale waliopita hapa zamani hawakujua kusoma vibao vya barabarani. Lakini walijua kuuchomoa mshale wa mwenzao na kumwambia, "Umekosa, utalipa." Nasi tuliosoma tumeshindwa nini?

Kitabu changu cha maziko kipo mezani hapa, na kurasa tupu zimebaki nyingi. Siku moja zitajaa, kwa maana kufa ni lazima. Ombi langu, ndugu msomaji, ni kwamba niandike humo uzee, mara nyingi iwezekanavyo. Na safari ijayo, tukikutana katika basi moja na ukasikia karani mwoga akimwita dereva kwa sauti inayotetemeka, tafadhali, usiniache peke yangu.